Urithi Usio na Deni: Tumaini wa Kezilahabi na Kibanja cha Karagwe

Katika Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya iliyotoka mwaka 1975, Euphrase Kezilahabi anamfuata kijana aitwaye Tumaini, ambaye anarithi mali ya wazazi wake kabla hajajua anaishi kwa ajili ya nini, anaitapanya katika starehe, na baadaye, akiwa amechuma utajiri mwingine kwa kilimo na siasa ya ujamaa imeufikia, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kifo. Wapo wanaoisoma riwaya hiyo kama hukumu juu ya mali, lakini usomaji huo unaliacha swali zito zaidi bila jibu: kwa nini mtu asiyepungukiwa na kitu akose sababu ya kutenda wema? Utupu wa kimaadili, kwa maana inayokusudiwa hapa, si kuupenda uovu. Ni hali ya mtu ambaye kwake hakuna tendo lililo na uzito kuliko jingine.

Kwamba mali si chanzo pekee cha utupu huo kunaonekana katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, ambamo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu asiye tajiri, anaishia kujiua. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma katika seminari ya Nyegezi, aliandika akiwa karibu na udhanaishi, yaani falsafa inayoshikilia kuwa binadamu hujikuta yupo duniani kabla ya kuwa na maana yoyote, na kwamba maana hiyo lazima aiunde mwenyewe. Kinachowaunganisha vijana hao wawili ni kwamba wamepokea kitu kikubwa, mmoja mali na mwingine elimu, na hakuna anayewadai chochote kwa sababu ya kukipokea.

Kituntu, wilayani Karagwe, ambako Kinyambo kinachozungumzwa ni ndugu wa Kikerewe cha mwandishi huyo, kuna kipimo cha kumpimia Tumaini. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, katika desturi ya Wanyambo na jirani zao Wahaya hakikuwa mali tupu ya kupokezana, kwa kuwa pamoja na kahawa mrithi alipokea makaburi ya wazee yaliyomo shambani, wadogo wa kulelewa, na ukoo uliokuwa na sauti pale alipotaka kuuza. Mrithi wa namna hiyo alikuwa mdaiwa tangu siku ya kwanza, na deni hilo lilimpa nafasi miongoni mwa waliokufa na watakaozaliwa. Tumaini amepewa mali bila nafasi hiyo. Hata mwana mpotevu wa Injili ya Luka, sura ya 15, ambaye anadai fungu lake baba yake akiwa hai, ana nyumba inayomngoja. Tumaini hana pa kurudi, na jasho la kilimo chake cha baadaye halimponyi, kwa sababu utajiri alioutafuta mwenyewe nao haukumfunga kwa mtu yeyote.

Hata hivyo deni hilo halikugawiwa kwa haki. Mwaka 1990, katika kesi iliyotoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba desturi ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ilipingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akampa mwanamke uwezo ule ule wa mwanamume, kwa masharti yale yale yanayombana mwanamume. Katika masharti hayo ndimo ulimo uzito wa hukumu yenyewe: binti hakufunguliwa tu kutoka katika kizuizi, bali aliingizwa katika deni ambalo awali halikuhesabiwa kuwa lake. Anayeutetea ukoo kama dawa ya utupu wa akina Tumaini anapaswa kujibu kwanza kama ukoo huo, ulipomnyima binti sauti juu ya kibanja cha baba yake, ulikuwa ukiwalinda wazee waliolala humo au ukizilinda pesa za kahawa.