Mtoto Akiuliza

Maandiko: Yoshua 4:1-7, 1 Samweli 12:1-7



Israeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni. Kwa nini? Kwa sababu siku moja watoto watauliza mawe haya maana yake nini. Angalia hapo vizuri. Mungu alijua swali litakuja, akawaandalia wazazi jibu mapema.

Watoto wetu wameuliza. Juni 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, hawakuishia barabarani. Walifika hata makanisani, wakauliza kwa nini mwanasiasa anapewa mimbari na bahasha yake inapokelewa kwa vigelegele. Kuna waliosema hawa wamepotoka, ni TikTok hiyo. Mimi niko katikati: nyinyi wazee mnaniita kijana, vijana wananiita mzee. Nimewasikiliza. Wengi hawajamkataa Yesu. Wanachouliza ni kama sisi bado tunamwamini.

Samweli alijua kujibu swali hilo. Alipozeeka alisimama mbele ya taifa zima, akataka aelezwe: nani nilimnyang'anya ng'ombe au punda? Nani alinipa rushwa nikafumba macho? Kule chuo tulikosomea biashara tuliita hiyo ukaguzi wa hesabu. Watu wakakiri kwamba mikono yake ni safi. Ndipo, ni mstari wa sita huo, akaanza kuwasimulia matendo ya Bwana. Hesabu kwanza, kisha ushuhuda. Sisi tunataka kuruka hiyo ya kwanza!

Novemba 2024 Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza pesa ambazo Rais alitoa katika kanisa la Soweto zirudishwe. Sisi si Wakatoliki, lakini tusione haya kujifunza. Kwa kijana anayetutazama, tendo kama hilo ni mahubiri tosha.

Lakini ngoja. Samweli huyo huyo, wanawe walikula rushwa (1 Samweli 8:3). Biblia haisemi nyumbani kwake walizungumza nini. Inasema tu kwamba mwaka baada ya mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiwaamua watu. Sisi watu wa Milimani tunazunguka pia: ofisi, chama, kesha, mkutano. Tukifika getini, mtoto ameshalala, au yuko chumbani na earphones masikioni. Karo tumelipa. Je, mawe yetu tumemwonyesha?

Basi wiki hii, mzazi, chagua jioni moja. Zima TV, weka simu chini. Msimulie mtoto ule mwaka biashara ilipoanguka, na jinsi Mungu alivyowavusha. Usipambe hadithi. Mwambie hata lile uliloomba na hukupata. Halafu mwache aulize, na usimkemee.

Kijana, nenda kwa shosho umuulize aliokokaje. Kaa mpaka amalize.

Na sisi viongozi? Nimewaomba wazee wa kanisa hesabu ya sadaka isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, vijana wakiwepo na wakiruhusiwa kuuliza. Tuombeeni katika hilo.

Baba, kagua mikono yetu, kisha ufungue vinywa vyetu. Watoto wetu wasikujue kwa kusikia jina lako tu, bali waone matendo yako ndani yetu. Katika jina la Yesu, Amina.