Jembe la Mgeni wa Msituni

Je, mtu ana haki gani ya kwenda kujifurahisha katika msitu ambao mwenyeji wake amekatazwa kuufyeka ili apate shamba? Siulizi hivi ili kuwasuta watalii. Ni swali la maadili, na kila anayefunga mzigo kwenda mbali kuona wanyama na kuonja misukosuko ya porini yafaa ajiulize kabla hajaondoka kwake.

Tuchukue mfano wa rasi ya Masoala, kaskazini mashariki ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Upande wa magharibi wa rasi hiyo haufikiwi kwa gari. Msafiri hupanda boti katika mji wa Maroantsetra, akaivuka ghuba ya Antongil, ambamo nyangumi huja kuzaa katika miezi ya Julai hadi Septemba, kisha akashukia mahali ambapo msitu umeteremka mpaka ufukweni. Humo anaishi lemuri mwekundu, mnyama mwenye undugu na komba wetu, ambaye porini hapatikani popote pengine duniani. Chakula chake kikubwa ni matunda, na mbegu anazozimeza huzitawanya aendako. Msitu humlisha, naye huupanda. Mwaka 1997 eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000 lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 2007 likaingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na misitu mingine ya mashariki ya kisiwa hicho.

Mgeni atembeaye humo siku nne, ruba miguuni na tope magotini, hurudi kwao akisimulia ujasiri wake. Simcheki. Nakumbuka tu jambo nililoliona miaka yangu ya chuo cha ualimu. Kila mwaka tuliwapeleka wanachuo vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Waliporejea walisimulia kwa fahari jinsi walivyovuka mto uliofurika na kukata pori alfajiri. Watoto waliokuwa wakiwafundisha waliuvuka mto uleule kila siku, bila viatu, na hakuna aliyewaita mashujaa. Njia ilikuwa moja na maji yaleyale. Tofauti ni kwamba mwanachuo aliijua tarehe yake ya kuondoka.

Msukosuko ni mtamu kwa mwenye nauli ya kurudia. Kwa mkulima wa Masoala, apandaye mpunga, vanila na karafuu pembezoni mwa hifadhi, mvua ileile ni kazi, na msitu uleule ni ardhi ambayo babu yake angeifyeka na kuichoma apande mpunga, kwa desturi wanayoiita tavy. Mkulima huyo hulipia msitu kila msimu kwa shamba asiloruhusiwa kulima. Mgeni hulipa mara moja, tena kwa furaha.

Wapo watakaosema: basi watu wabaki makwao. Watataja hata bustani ya wanyama ya Zürich, Uswisi, ambako tangu mwaka 2003 upo ukumbi mkubwa wenye paa la kupitisha mwanga, uliopandwa miti ya Bukini na kuwekwa lemuri. Mtu huutazama msitu, kisha akapanda tramu kurudi nyumbani. Ukumbi huo una manufaa, kwani bustani hiyo huichangia hifadhi yenyewe. Lakini kubaki nyumbani hakumtakasi mtu. Mwaka 2009, serikali ya Madagaska ilipoangushwa na wageni wakaadimika, wakataji waliingia hifadhini wakaangusha miti ya thamani iitwayo rozwudi. Magogo mengi yalipelekwa China kutengenezewa samani za kifahari. Mwaka 2010 misitu hiyo ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, isitoke humo mpaka mwaka 2025. Mnunuzi wa samani zile hakuwahi kulikanyaga tope la Masoala, lakini mkono wake ulifika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huichukua methali hii kama kejeli kwa mgeni mvivu. Mimi naiona ina heshima ndani yake, kwa sababu anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Jembe la mgeni wa msituni ni lipi, basi? Ni kumchukua mwenyeji amwongoze, na kumlipa ipasavyo bila kumpunja kwa kuwa hana pa kulalamikia. Ni kuiheshimu miiko ya mahali, ambayo Wamalagasi huiita fady, hata ile asiyoielewa maana yake. Na akisharudi kwao, ni kuuliza mbao za kitanda anachotaka kununua zimetoka wapi. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana halina picha ya kuwaonyesha marafiki.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtu anaweza kwenda, na pengine ni vema aende, mradi ajue kuwa tiketi ya mlangoni ni sehemu ndogo tu ya deni lake. Sehemu iliyobaki atailipa miaka mingi baadaye, dukani kwa muuza samani, mahali ambapo hakuna lemuri wa kumshukuru.