Kwa Vijana wa Subukia, Kabla ya Kura ya 2027

Wajukuu zangu wa Subukia, Waseges na Kabazi, nimeona bendera zimeanza kurudi kwenye pikipiki. Kura ni Agosti 2027, lakini tayari kuna vijana stendi ambao hawasalimiani, kwa kuwa huyu anasema gavana anatosha na yule anasema gavana aende nyumbani. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi siwapi, kwa maana wembe huu wa chuki za kisiasa niliuona ukikata mwaka 1992, na nikauona tena mwaka 2008.

Kiti cha gavana ninyi mmekikuta. Sisi tulikuwa na mkuu wa mkoa, PC, aliyeketi Nakuru akitawala Bonde la Ufa lote, toka Turkana hadi Kajiado. Hakuna kati yetu aliyempigia kura. Rais alimteua na rais alimhamisha. Ukiwa na shida ulianza kwa chifu, ukaenda kwa DO wa tarafa, ukaenda kwa DC wa wilaya, na wengi walichoka njiani wakarudi na shida zao. PC akija barazani tuliambiwa tupige makofi, tukapiga. Ndiyo maana tarehe 4 Machi 2013, nilipopewa karatasi ya kumchagua mtu wa kuongoza Nakuru, moyo wangu ulijaa. Kitu hicho watu walikililia miaka mingi, na wengine walifungwa kwa ajili yake. Siwezi kunyamaza nikikiona kinageuzwa kuwa sababu ya watoto wa kijiji kimoja kuchukiana.

Angalieni kiti chenyewe kimepita mikononi mwa nani. Tulianza na Kinuthia Mbugua, aliyekuwa kamanda wa Polisi wa Utawala nchini. Watu walimshangilia kama vile hangeondoka kamwe. Aprili 2017 kura za mchujo za Jubilee zikamwangusha, akaingia Lee Kinyanjui, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Mjini na waziri msaidizi wa barabara. Wakati wa Lee, tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ilitangazwa kuwa jiji, la nne nchini. Mtu angedhani gavana aliyepokea heshima hiyo amejihakikishia muhula wa pili. Miezi minane tu baadaye, wimbi la UDA, chama cha William Ruto, likamwondoa. Akaingia Susan Kihika, wakili, spika wa kwanza wa bunge la kaunti yetu na baadaye seneta wetu, binti ya Dickson Kihika Kimani ambaye sisi wazee tulimjua tangu enzi za Ngwataniro, kampuni ya kununua mashamba.

Wa kwanza muhula mmoja, wa pili muhula mmoja. Wa tatu ni juu yenu na kura zenu, wala sitawaambia mpige wapi.

Na msidhani ni magavana peke yao wanaoangushwa. Koigi wa Wamwere alizuiliwa bila kesi enzi za Jomo Kenyatta na enzi za Moi, akaishi uhamishoni Norway, akarudishwa korokoroni kwa shtaka la uhaini. Mama yake alikuwa miongoni mwa akina mama waliogoma kula Uhuru Park mwaka 1992 wakidai wana wao waachiliwe. Subukia tulimpa ubunge mwaka 2002. Mwaka 2007 tukampa mtu mwingine. Mpiga kura halipi deni la jana, na anayetafuta uongozi anapaswa kulijua hilo kabla hajauza shamba kugharamia kampeni. Nawaambia hasa wale kati yenu wanaotaka kuwa waheshimiwa, maana najua wapo.

Lakini lililonisukuma kuwaandikia ni hili: tazameni walikokwenda walioshindwa. Mbugua alipewa usimamizi wa Ikulu mwaka 2018. Lee, aliyepambana na UDA mwaka 2022, aliteuliwa waziri na Rais Ruto Desemba 2024 na kuapishwa mwezi uliofuata. Simlaumu. Siasa ndivyo ilivyo, mpinzani wa jana huwa mshirika wa leo, na sheria haikatazi. Ila wako vijana waliovunja urafiki mwaka ule, mmoja akiwa wa Azimio, upande wa Lee, na mwingine wa UDA. Lee na Rais wameketi meza moja ya baraza la mawaziri. Wale vijana hadi leo hawajaketi.

Hao walipoteza urafiki tu. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya kura ya 2007, watu walipoteza uhai. Nakuru iliwaka. Majirani waliokuwa wakiazimana majembe na chumvi walikimbiana, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukajaa mahema. Nchini kote walikufa zaidi ya 1,100. Tarehe 28 Februari, Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini wakagawana serikali. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa pande mbili tofauti katika kura ile ya 2007, waliungana wakashinda pamoja. Wakubwa wote walipatana, na nilifurahi walipopatana. Hakuna makubaliano yaliyomfufua mtoto wa mtu. Mama aliyemzika mwanawe bado anapita sokoni, na huenda aliyemuua anapita soko hilohilo.

Kwa hiyo atakapokuja mtu usiku na noti za mia mbili, awaambie jirani wa ng'ambo ya mto ndiye adui, mjue kwamba yeye hataishi na jirani huyo. Ninyi mtaishi naye. Mtachota maji naye, mtauza mahindi na nyanya pamoja, watoto wenu watakaa dawati moja. Mrudishieni noti zake, na kama ni jambo la kuvunja sheria, mpelekeni kwa mkuu wa kituo cha polisi asubuhi.

Nguvu hiyo ya kushindana ielekezeni kwenye kazi ya gavana. Wengi mnamlaumu kwa yasiyo yake na kumsamehe yaliyo yake. Polisi si wake. Barabara kuu ya Nakuru kwenda Nyahururu ni ya serikali ya kitaifa. Zahanati isiyo na dawa ni yake. Shule ya chekechea, chuo cha ufundi cha kijijini, maji, afisa wa kilimo asiyeonekana shambani, barabara ya udongo inayokwamisha lori la mazao, hayo yote ni ya kaunti. Katiba inataka kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na bajeti ya Nakuru hupitishwa na bunge lenye wawakilishi kutoka wadi 55. Tatu kati ya hizo ni zetu.

Na bajeti hiyo ina tarehe zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha kabla ya mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Nimehudhuria vikao hivyo na nimewaona waliokuja: wazee kama mimi, akina mama wachache, na vijana wawili watatu waliokaa nyuma wakitazama simu. Siku za mikutano ya kampeni ninyi hao hao huwa mbele kabisa, jua likiwachoma.

Kikao kijacho nendeni. Nendeni wa gavana na wa mpinzani wake, mkae benchi moja, mkiwa na swali moja mlilokubaliana: mradi fulani wa wadi yetu ulitengewa pesa ngapi mwaka jana, zimetumika ngapi, na nani alipewa kandarasi? Mkiambiwa hesabu hizo si za kuonyeshwa wananchi, msigombane. Andikeni barua kwa karani wa bunge la kaunti, mtaje Kifungu cha 35 cha Katiba kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, wekeni sahihi zenu wote chini yake, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.