Kahawa ya Uyoga

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alikuwa na mwili mkubwa na presha. Mwili wenyewe haukumsumbua. Kilichomsumbua ni kurudi nyumbani, juu kwenye mawe ya Igogo, akisimama mara tatu kuhema.

Shoga yake wa kikoba akamletea kahawa ya uyoga. "Si dawa hii, ni kirutubisho. Haina kemikali." Uyoga tunaoujua sisi huota kwenye vichuguu mvua zikianza, nao huliwa na ugali. Huu ulikuwa lingzhi wa Uchina, na eti una utafiti. Ni kweli upo: mwaka 2015 watafiti wa Taiwan waliandika kwamba maji yake yalipunguza unene wa panya waliolishwa mafuta. Panya!

Akinunua maboksi mengi angeingia kwenye timu ya wauzaji, na kila atakayemleta angemletea bonasi. Akatoa mtaji wa dagaa. Wiki ya tatu magauni yakalegea, hamu ya kula ikakatika, usingizi ukapotea, moyo ukawa unamwenda mbio. Akamuuliza aliyemwingiza. "Mwili unatoa sumu, shoga. Na hivyo vidonge vya presha viache, vinagombana na uyoga." Akaviacha.

Hapa namlaumu kidogo. Alijua haendi vizuri. Lakini alikuwa ameshawauzia wanawake saba pale Mwaloni, na kila Jumamosi alisimama mbele ya kikundi kutoa ushuhuda. Angesemaje sasa? Akawa anakunywa mbele yao, anatabasamu.

Alianguka kwenye yale yale mawe ya Igogo. Walipomfikisha hospitali ya Bugando presha ilikuwa juu mno na mkono wa kulia hauna nguvu. Daktari akaomba boksi: halina namba ya usajili wala anwani ya mtengenezaji. Kilichokuwamo hakuna aliyekipima. Kinachojulikana ni kwamba sibutramini, dawa inayokata hamu ya kula na kupandisha presha, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na hadi leo hukutwa imechanganywa kimyakimya kwenye kahawa za kupunguza mwili zinazoitwa za asili.

Vidonge vya presha amevirudia. Dagaa sasa anauza binti yake.

Wale wanawake saba, wanne waliacha. Watatu bado wanakunywa, maana nao wameshaingiza watu.