Roboti Yako ya Kwanza Ipige Kona ya Msingi

Fundi wa Choma, wilayani Igunga mkoani Tabora, akitaka kuseti nyumba hahitaji kompyuta. Ana uzi, vigingi na tepu. Anapima mita tatu upande huu, mita nne upande ule, kisha anavuta tepu mshazari. Ikisoma tano kamili, kona imekaa. Isiposoma tano, kigingi kinang'olewa na kazi inaanza upya kabla tofali halijagusa udongo.

Kijana unayetamani roboti, anzia hapo hapo. Tengeneza kigari kitakachochora tatu-nne-tano kwa chaki sakafuni.

Najua wengi huanza na kigari cha kukwepa ukuta. Kinafurahisha, watoto wanakikimbiza, halafu kinaishia juu ya kabati, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kama kimefanya kazi vizuri au vibaya. Kigari cha kupiga kona kina hakimu wake, na hakimu huyo ni tepu ya fundi.

Wala huo si mchezo wa kitoto. Huko California, mhandisi wa kompyuta Tessa Lau aliianzisha kampuni ya Dusty Robotics mwaka 2018 kwa kazi hiyo hiyo: roboti inatambaa juu ya sakafu ya jengo na kuchapa mistari ya mahali ukuta utakaposimama. Makampuni makubwa ya ujenzi yanailipia. Wewe unaweza kuanza na mota mbili ndogo za njano zenye giaboksi, magurudumu mawili, bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuamuru kigari, na betri mbili zilizotolewa kwenye pakiti ya kompyuta mpakato iliyokufa. Bodi agiza Kariakoo. Betri mwombe fundi simu akupimie, maana zikigusana nyaya zinawaka moto, na hapo sitanii. Bodi ya kigari, yaani fremu, kata kwenye dumu la mafuta ya kupikia.

Sasa hesabu, na hapa ndipo utamu ulipo. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 65 likizunguka mara moja linasogea milimita 204 hivi. Funga kwenye ekseli kisahani chenye matundu 20, weka sensa ya mwanga iyahesabu yanapopita. Kila tundu ni kama sentimita moja na punje. Mita tatu zitakuwa matundu 294, mita nne 392, mshazari wa tano 490. Pi uliyoikariri darasani ukidhani ni ya mtihani tu, leo inaamua kigari kisimame wapi.

Kitakosea. Gurudumu litateleza kwenye vumbi, mota moja itakuwa na nguvu kuliko mwenzake, mstari utapinda. Kona ikikosea digrii moja tu, kwenye umbali wa mita nne umeshapotea sentimita saba, na mwenye nyumba ataziona siku ya kupaua. Usikate tamaa hapo! Kutafuta sentimita saba zimepotelea wapi ndiyo robotiki yenyewe. Kufunga skrubu anaweza yeyote.

Kuna atakayekwambia mambo haya ni ya Ulaya. Mwambie atazame karibu. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi alisimamisha jijini Kinshasa roboti za kuongoza magari, miili ya alumini, umeme wa jua, zimeundwa Kongo. Kilifi, pwani ya Kenya, kampuni ya 14Trees imejenga nyumba za Mvule Gardens kwa printa kubwa inayomwaga zege tabaka juu ya tabaka. Kule Salima, Malawi, kuta za shule zilichapwa kwa saa 18. Na hapa hapa Igunga, daraja la Mbutu lilijengwa na makandarasi wazawa waliounganisha nguvu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo, na Wanyamwezi waliotembea njia hiyo hawakungoja mtu wa pwani aje kuwafungulia, waliipasua wenyewe.

Saidia fundi naye ataniuliza: mashine ikija, mimi nile wapi? Swali halali, na silipuuzi. Lakini pale Salima printa haikupaua wala haikuweka madirisha. Mikono ya watu ilifanya. Hata roboti ya kupanga matofali iitwayo SAM, ya Marekani, inahitaji mwashi pembeni yake wa kusafisha viungo na kushughulikia pembe. Atakayebaki na kazi ni yule anayejua timazi na pia anajua kwa nini mota inavuta kushoto. Huyo bado hajajaa mtaani, na cheti cha VETA wala diploma si sharti la kuanza.

Basi Jumamosi hii tafuta sakafu ya zege, hata ya baraza la darasa kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mwite fundi mmoja mzoefu, mwamkie, mwombe aje na tepu yake. Kigari kikimaliza kuchora, mpe yeye apime mshazari, wewe usiguse. Akikwambia imezidi sentimita tatu, usibishane na tepu: punguza mwendo, safisha magurudumu, sawazisha mota, kisha mwombe apime tena.