Ramadhani 4: Sindano ya mafua haifunguzi



Jana baada ya tarawehe mzee wetu wa safu ya mbele, mwenye nia ya Umra kumi la mwisho, kaniuliza: "Sheikh, sindano ya mafua si itanifunguza?"

Hapana, mzee wangu. Sindano ya begani si chakula wala kinywaji. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah lilishalisema hilo mwaka 1997. Ila usingoje siku ya safari, kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga. Na ile ya mwaka juzi haitoshi, virusi hubadilika.

Marehemu baba nilimwambia, "Tungoje Idi ipite." Mafua yakamshukia kifuani, Idi hakuiona.

Nyie mlio na wazazi bado, kesho asubuhi kaulizieni hospitali. Homa ikimzidi, ruhusa ya kufungua ipo, atalipa.