Yungiyungi Adimu ni Mali ya Nani?

Miongoni mwa tamaa za binadamu ipo moja ambayo hata watu wapole huiona halali: tamaa ya kuwa na kile ambacho wengine hawana. Asiyejivunia dhahabu huenda akajivunia ua. Katika bustani ndogo za Uingereza na Marekani wapo watu wasioridhika na mayungiyungi yanayouzwa madukani. Hutafuta yale ambayo jirani hajapata kuyaona, yaliyotoka katika bonde moja tu la China au mlima mmoja tu wa India, na huyatunza kwa bidii ambayo pengine hawaitumii kwa jambo jingine lolote. Bidii hiyo inastahili heshima. Hata hivyo ndani yake limo swali la maadili ambalo halijibiwi kwa jembe wala kwa mbolea: anayelitafuta ua adimu hupenda ua lenyewe, au hupenda uadimu wake? Na akishalipata, analimiliki kwa haki gani?

Kwanza jina. Mswahili akisikia yungiyungi huona ua linaloelea juu ya maji ya ziwa au dimbwi. Wafasiri wa Biblia, walipofika kwenye Wimbo Ulio Bora, walichagua nyinyoro ya mabondeni. Mimea hiyo miwili si ya jenasi ambayo wataalamu huiita Lilium. Jenasi hiyo ina spishi zipatazo 100, na asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia: Asia, Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika haina hata moja ya asili. Katika makala haya yungiyungi ni jina la mmea huo wa ugenini, ambao wakati wa baridi hulala ardhini katika umbo la tunguu, yaani kiazi chenye magamba mfano wa kitunguu, kisha ukaamka majira ya kuchipua na kusimamisha shina lenye maua makubwa.

Kisa cha yungiyungi la kifalme, Lilium regale, kinafaa kuwa kipimo cha swali hili. Mwaka 1910 Mwingereza Ernest Henry Wilson, aliyekuwa akikusanya mimea kwa niaba ya Arnold Arboretum ya Boston, alirudi katika bonde la mto Min, mkoani Sichuan, alikokuwa ameliona ua hilo miaka michache kabla. Bonde lile ni jembamba, lenye kuta za mawe, joto kali wakati wa kiangazi na baridi kali wakati wa kipupwe. Katika miteremko yake ua hilo, jeupe kwa ndani, lenye umanjano kooni na zambarau iliyokolea mgongoni mwa petali, lilichanua kwa maelfu. Wilson alipanga matunguu yake yachimbwe kwa maelfu yapelekwe Amerika. Akiwa njiani kurejea, maporomoko ya mawe yalimkumba na kumvunja mguu. Miguu ya kamera yake ikageuzwa mabanzi ya kuufungia. Njia ilikuwa nyembamba, na msafara wa nyumbu wa mizigo haukuweza kungoja mahali penye hatari ya mawe mengine. Alilazwa chini, na nyumbu wakapita juu yake mmoja mmoja pasipo ukwato kumgusa. Tangu hapo alitembea akichechemea, na mwendo huo mwenyewe akauita mchechemeo wa yungiyungi.

Matunguu yalifika. Leo yungiyungi la kifalme huuzwa kwa bei ndogo, na huota kwa mbegu kwa urahisi hata anayeanza kujifunza bustani hulifaulu. Basi lilikuwa adimu kwa nani? Si kwa wakazi wa bonde la Min, walioliona likichanua kandokando ya njia zao. Kwa Wachina tunguu la yungiyungi ni chakula na dawa tangu zamani, na hadi leo mkoani Gansu kuna mashamba ya mayungiyungi yanayolimwa kwa ajili ya chungu, si kwa ajili ya chombo cha maua. Uadimu alioufuata Wilson ulikuwa umbali uliopo kati ya bonde lile na Boston. Umbali ulipofutwa, uadimu ukafutika pamoja nao, na petali haikubadilika: weupe ni ule ule, harufu ni ile ile. Mtu aliyelipenda zamani hizo kwa kuwa jirani hakuwa nalo, kisha akalidharau kwa kuwa kila jirani analo, hakuwa amelipenda ua. Alipenda cheo chake mwenyewe mbele ya jirani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili. Gloriosa superba, mmea wa kutambaa wenye petali nyekundu na njano zilizojikunja kwenda juu mfano wa ndimi za moto, Waingereza huuita yungiyungi la moto, ingawa kitaalamu ni wa ukoo mwingine. Kenya na Tanzania humea wenyewe vichakani na pembezoni mwa misitu, na wengi huupita bila kugeuka. Anayegeuka ana sababu ya kujihadhari, kwani mmea mzima, hasa kiazi chake, una sumu ya kolkisini. Zimbabwe ni ua la taifa. Uingereza hupandwa katika vyungu ndani ya nyumba za vioo na kutazamwa kama johari. Katika sehemu za India umechimbwa kwa ajili ya dawa hadi ukapungua porini. Kwenye fukwe za mashariki mwa Australia ni gugu linalong'olewa. Mmea ni mmoja, lakini ni johari, nembo, dawa, sumu na gugu, kwa kadiri ya mahali anaposimama anayeutazama. Mhamiaji kutoka Tanga anayeununua kwa pauni kadhaa huko Leicester hulipia kile alichokuwa akikiruka njiani alipokuwa mtoto. Hajadanganywa, ila kinachouzwa pale ni umbali kuliko ua.

Hata hivyo itakuwa kosa kusema kwamba uadimu wote uko machoni pa mtazamaji. Upo uadimu wa kuhesabika. Lilium occidentale, yungiyungi jekundu la ardhi oevu za pwani ya Oregon kusini na California kaskazini, limeorodheshwa tangu 1994 katika sheria ya Marekani kuwa spishi iliyo hatarini kutoweka. Makazi yake yamekaushwa kwa kilimo na ujenzi, vichaka na miti vimefunga uwazi lililouhitaji, na wapenzi wa maua nao walichangia kwa kuchimba matunguu. Huyu wa mwisho ndiye wa kutafakariwa. Aliyeukausha udongo hakulijali ua. Aliyelichimba alilijali, na kujali kwake ndiko kulikoliondoa. Mapenzi hayamtakasi mtu na tendo lake. Wakati mwingine ndiyo yanayomwongoza kwenye mlango ambao mtu asiyejali asingeufikia.

Hapo mtunza bustani ana hoja yenye uzito: ua likistawi kwangu, limeokoka. Hoja hii si ya kupuuzwa, lakini bonde la Min linaijibu nusu. Yungiyungi la kifalme lipo leo katika bustani za mabara kadhaa, na wingi huo haujaliongezea bonde lake hata hatua moja ya ardhi. Kadhalika yungiyungi la Shirui, Lilium mackliniae, lenye maua ya waridi hafifu yanayoinama. Kwao ni mlima Shirui katika jimbo la Manipur, India. Frank Kingdon-Ward alilikuta huko mwaka 1946, na jina lake la kisayansi linatokana na jina la ukoo wa mkewe, Jean Macklin. Watangkhul waishio kando ya mlima huo walikuwa na jina lao tayari, na masimulizi yao juu yake. Ua hilo hustawi vizuri katika ubaridi wa bustani za Scotland, wakati kwao linabanwa na mianzi midogo inayoenea na wageni wanaochuma maua. Mpanzi wa Scotland analo umbo lake, rangi yake na mbegu yake. Hana ukungu wa mlima ule, wadudu wanaolitembelea, wala watu wanaolisimulia. Bustani huhifadhi kitu cha kweli, lakini si kitu kizima. Anayesema ameliokoa ua wakati mlima wake unaharibika ni mfano wa aliyeokoa picha ya marehemu katika nyumba inayoungua: amefanya jambo jema, ila asiliite kwa jina lisilo lake.

Ikiwa hivyo, mpanzi afanye nini? Jibu limo katika tofauti ndogo ambayo kila mkulima wa mayungiyungi anaijua: tofauti kati ya tunguu na mbegu. Tunguu lililochimbwa porini ni mmea ulioondolewa mahali pake. Kilichofika hapa kimepungua kule. Mbegu ni jambo jingine. Tumba moja lililokomaa laweza kubeba mbegu nyingi kuliko zile ambazo mteremko utazipa nafasi, na zikichukuliwa chache kwa kiasi na kwa ruhusa, mmea mama hubaki umesimama. Na hapa maumbile yenyewe yameuweka uadilifu upande wa faida. Virusi vya mayungiyungi husafiri ndani ya tunguu kutoka bustani hadi bustani, hupitishwa na vidukari, na huudhoofisha mmea hadi ufe. Kwa kawaida havipiti kwenye mbegu. Mwenye kutaka mimea safi huanza na mbegu, hata kama hana habari na maadili.

Gharama yake ni muda. Yungiyungi la kifalme huweza kuchanua katika mwaka wa pili au wa tatu, lakini si yote yaliyo na huruma hiyo. Mbegu ya Lilium martagon, la misitu ya Ulaya na Asia, huhitaji joto kwanza, na katika miezi hiyo ya mwanzo hufanya kazi gizani: huunda tunguu dogo mno bila kutoa jani lolote juu ya udongo. Kisha huhitaji baridi ya miezi, ndipo jani moja litokeze. Ua huenda likaonekana baada ya miaka mitano au saba. Asiyejua huimwaga chungu akidhani mbegu zimekufa. Anayejua huendelea kunyeshea udongo mtupu. Mtu wa aina hiyo ni vigumu kumtuhumu kwamba anapenda uadimu peke yake, kwani majivuno hayana subira ya miaka saba mbele ya chungu kisicho na kitu.

Lakini kuna jaribu linalomngoja hata huyu. Siku ua litakapochanua, atakuwa mmoja wa wachache walio nalo, na heshima hiyo ataitaka idumu. Akigawa mbegu, uadimu wake utakwisha kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na katika bustani moyo huo una busara ndani yake. Ua lililo kwa mtu mmoja huangamizwa na baridi ya usiku mmoja, au panya mmoja, au kifo cha mwenyewe. Aliyegawa ana mahali pa kuomba siku litakapomfia. Ndiyo maana vyama vya wapenzi wa mayungiyungi, kama kile cha Amerika Kaskazini kilichoanzishwa 1947, vimeweka utaratibu wa wanachama kupelekeana mbegu. Tena mgawaji huwanyang'anya wachimbaji soko lao: mche uliooteshwa kwa mbegu na kupatikana kwa urahisi hupunguza thamani ya tunguu lililoibwa mlimani.

Ugawaji nao una adabu yake. Mbawakawa mwekundu wa mayungiyungi, mdudu wa asili ya Ulaya na Asia, aligunduliwa Massachusetts mwaka 1992, na sasa hula mayungiyungi ya bustanini na pia ya asili yanayoota porini huko. Ua la mtu laweza kuisha kwenye ukuta wake. Wadudu wake hawaishii hapo. Hata chavua ya mayungiyungi, ikimdondokea paka wa jirani naye akajilamba, huweza kumharibu figo na kumuua. Na mbegu isiyo na maelezo ya asili yake, yaani ilitoka mlima gani na kwa mzazi gani, haimfai sana anayetaka kuurudisha mmea porini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kibandiko kidogo penye chungu ni sehemu ya malezi sawa na maji.

Je, Wilson alikosa? Aliyachukua matunguu kwa maelfu pale yalipoota kwa maelfu, katika zama ambazo hakuna aliyehesabu, na aliyachukua ili yaenee. Haifai kumpima kwa mizani ambayo haikuwapo. Ila haifai pia kujificha nyuma yake. Wa leo anazo hesabu, anazo mbegu, na anajua.

Wala si lazima mpanzi aache kulitamani ua la mbali. Kiswahili kina neno linalomfaa kuliko mali, nalo ni amana. Aliyepewa amana huifurahia akiwa nayo, hutuliza macho yake kwayo, na halaumiwi kwa furaha hiyo. Wajibu wake ni kwamba isiharibike mikononi mwake, ijulikane ilikotoka, na aiache katika hali ambayo mwingine ataweza kuipokea. Kwa yungiyungi adimu, kutimiza wajibu huo ni kulifanya lisiwe adimu tena katika bustani, na kukumbuka kwamba mlima uliolizaa bado unangoja haki yake.